Goti Haliumi Tena: Je, Uko Tayari Kurudi Mashindanoni?

Uliumia goti mazoezini. Wiki tatu zimepita, uvimbe umeshuka na unatembea bila kuchechemea. Mashindano ya vyuo yamekaribia, na mmepangwa na chuo kilekile kilichowatoa mwaka jana. Kocha anauliza, "Vipi, utacheza?" Wenzako wote wanasubiri useme ndiyo.

Kabla hujajibu, soma makala haya. Tumeyaandika kwa ajili ya wanachuo wa Musoma, Bunda na Butiama wanaoshiriki mieleka, judo, mpira wa miguu, netiboli na michezo mingine ya kugeuka ghafla na kugongana. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: maumivu kuisha na goti kupona ni vitu viwili tofauti.

Ni nini huumia ndani ya goti?

Goti linashikiliwa na kano nne kubwa, ambazo mitaani wengi huziita nyuzi za goti. Mbili ziko pembeni, na mbili zinapishana katikati. Ile ya mbele kati ya zinazopishana ndiyo mashabiki wa mpira huisikia ikitajwa kwa herufi ACL. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usisogee mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Kati ya mifupa kuna gegedu mbili zinazofanya kazi kama mito midogo.

Kano iliyovutika kidogo huweza kupona ndani ya wiki chache. Iliyochanika kiasi huchukua muda mrefu zaidi. Lakini kano ya mbele ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe. Hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika, kwa sababu maumivu na uvimbe hupungua hata kama kano bado imekatika. Ukitembea njia iliyonyooka unaweza usihisi lolote. Siku utakapogeuka ghafla, au mpinzani akuvute mguu, goti linaachia na gegedu nazo zinaweza kuchanika.

Jua pia kwamba eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Ukiambiwa "picha iko safi", maana yake ni kwamba mfupa haujavunjika. Uliza kuhusu kano. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuzipima kwa mikono yake, na ikihitajika atakupa rufaa ya kipimo kikubwa zaidi.

Siku mbili tatu za kwanza

- Acha kucheza palepale. Usirudi uwanjani hata kama umebaki mchezo mmoja.
- Weka barafu kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Hata barafu ya wauza samaki wa Mwigobero inafaa. Izungushie kitambaa, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.
- Funga bandeji ya kuvutika, isibane sana, na uinue mguu unapolala.
- Usikande kwa maji ya moto, na usiende kuchuliwa kwa nguvu. Katika siku hizi joto na kuchua huweza kuongeza uvimbe.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona haya

- Ulisikia mlio wa "pa!" ndani ya goti ulipoumia.
- Goti lilivimba sana ndani ya saa chache.
- Huwezi kupiga hatua nne ukikanyagia mguu huo.
- Goti limekwama, halikunjiki au halinyooki.
- Goti linaachia unapotembea au kushuka ngazi.
- Goti limekaa upande, au mguu una ganzi, umekuwa wa baridi au umebadilika rangi. Hii ni dharura, usisubiri asubuhi.

Mwanamieleka aliyeshinda bila kano

Huenda umewahi kusikia habari za Spencer Lee, mwanamieleka wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Machi 2021 alitwaa ubingwa wa vyuo wa taifa katika uzito wa takriban kilo 57. Baada ya fainali alisema alishindana akiwa na kano za mbele zilizochanika kwenye magoti yote mawili. Goti moja lilikuwa limeumia zamani, na la pili liliumia siku chache tu kabla ya mashindano hayo.

Wengi waliishia kusimulia ushujaa huo. Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Mwezi uliofuata hakushiriki mchujo wa kwenda Olimpiki ya Tokyo. Januari 2022 ilitangazwa kwamba msimu wake umekwisha ili afanyiwe upasuaji wa magoti. Alirudi, akajijenga upya, na mwaka 2024 alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris.

Kumbuka kwamba Lee alikuwa na madaktari na wataalamu wa viungo karibu naye kila siku. Wewe ukichana gegedu kwenye uwanja wa chuo, safari ya matibabu inaweza kukufikisha Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kwa gharama ya familia nzima.

Hapa nyumbani tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Ni kweli alijikaza. Lakini ile ilikuwa mbio moja, na miaka miwili baadaye alishika nafasi ya 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Kujikaza siku moja hakukumzuia kupona kwanza kabla ya kushindana tena.

Jipime kabla ya kusema ndiyo

Fanya vipimo hivi baada ya mtaalamu kukuruhusu kukimbia. Linganisha mguu ulioumia na ule mzima.

1. Goti linakunjika na kunyooka sawasawa na lenzake.
2. Ukifanya mazoezi leo, kesho asubuhi halijavimba.
3. Unaweza kuchuchumaa kwa mguu mmoja bila goti kuyumba kwenda ndani.
4. Ruka mbele kwa mguu mmoja, utue kwa mguu huohuo, kisha pima kwa futi ya fundi. Ukifikisha sentimita 150 kwa mguu mzima, mguu ulioumia ufikishe angalau 135, yaani asilimia 90.
5. Unageuka, unasimama ghafla na kukabiliana na mwenzako mazoezini bila kuuogopea mguu.

Ukishindwa kimoja, bado hujawa tayari. Mpinzani mwenye macho atauona mguu unaouficha na atauandama huohuo. Nao mguu mzima, ukibebeshwa kazi ya miwili, huweza kuumia pia.

Rudi kwa hatua: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kukimbia na kugeuka, mazoezi bila mpinzani, mazoezi na mwenzako, ndipo mechi. Goti likivimba, rudi hatua moja nyuma. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele, subira ni angalau miezi 9. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Vidonge, sindano na kupunguza uzito

Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, haziungi kano. Ukimeza au kuchomwa sindano ili ucheze, umezima kengele wakati moto bado unawaka. Dawa hizi pia huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa mwili ukiwa hauna maji ya kutosha.

Wacheza mieleka na judo wana mtego mwingine. Ukikaa nje wiki kadhaa uzito hupanda, kisha unataka kuushusha haraka kwa kutokunywa maji na kukimbia umevaa nailoni. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo Marekani walifariki wakijaribu kushusha uzito kwa njia kama hizo, na kanuni za mchezo zikabadilishwa. Afadhali upande kundi la uzito wa juu, au usubiri msimu ujao.

Utamwambia nini kocha?

Sema mapema, usisubiri asubuhi ya mechi. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mwalimu. Goti haliumi, lakini bado halijafaulu vipimo. Naomba nifanye mazoezi mepesi na wenzangu, nipimwe tena baada ya wiki mbili." Kama una barua ya kituo cha afya, mpe.

Nanyi walimu wa michezo, msimuulize kijana "unaumwa?" mbele ya timu nzima. Atasema hapana. Mwiteni pembeni, mpimeni aruke.

Mashindano ya vyuo yatakuwepo mwakani. Goti hilohilo utalihitaji kusimama darasani au wodini, kupanda bodaboda na kubeba ndoo ya maji kwa miaka mingi ijayo. Kama lina dalili yoyote tuliyoitaja, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, na ukiwa na kadi ya bima, ibebe.