Alama ni za mhusika, maarifa ni ya mchezaji

Wachezaji wa michezo ya kuigiza katika mtandao wana msemo unaoweza kumshtua yeyote anayeusikia kwa mara ya kwanza. Mmoja wao akishindwa vitani, husema, "Nimekufa." Hasemi kwamba askari aliyemuunda amekufa, wala kwamba mchawi wake ameuawa na joka. Hutumia nafsi ya kwanza umoja na wakati timilifu, kisha huinua kikombe chake cha chai na kuendelea na mazungumzo. Tukiuondoa utani na tamathali, hiyo ni sentensi ambayo hakuna msemaji awezaye kuitamka akawa mkweli.

Lililo la ajabu zaidi hutokea baadaye. Mchezaji huyo akiamua kumwacha mhusika wake wa zamani na kumuunda mwingine ili aanze tena kutoka mwanzo, sarufi yake hubadilika. Yule aliyekuwa "mimi" jana, leo huwa "yule". Utamsikia akisema, "Yule shujaa wangu alikuwa na upanga wa thamani, lakini mimi sasa nina kifimbo tu." Amehama kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu bila kilio na bila aibu. Naamini kwamba katika uhamaji huo mdogo mna funzo kubwa kwa kila anayefundisha na kila anayejifunza katika nchi hii.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajawahi kuiona michezo hii, inafaa tuieleze asili yake. Chimbuko lake ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka wa 1974. Wachezaji waliizunguka meza, kila mmoja akiwa na karatasi iliyoorodhesha sifa za mhusika wake: nguvu, akili, wepesi na kadhalika. Mnamo 1978, Roy Trubshaw, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika programu ya tarakilishi iliyowawezesha watu kadhaa kuingia kwa pamoja katika nchi moja ya kubuni. Mwenzake, Richard Bartle, akaiendeleza. Mchezo huo, ulioitwa MUD, haukuwa na picha hata moja. Milima, mapango, hazina na maadui vyote vilikuwa maneno kwenye kioo, na mchezaji alitembea, akapigana na kusalimu kwa kuandika maneno. Mwanaisimu hawezi kuipita habari hiyo bila kusita kidogo. Hapa palikuwa na ulimwengu uliojengwa kwa lugha tupu.

Picha zilifuata baadaye. Ultima Online ulitokea mwaka wa 1997, EverQuest mwaka wa 1999, na World of Warcraft mnamo Novemba 2004. Kufikia mwaka wa 2010, kampuni inayoumiliki mchezo huo wa mwisho ilitangaza kwamba wateja wanaoulipia walikuwa wamezidi milioni 12.

Katika World of Warcraft, mhusika mpya kwa kawaida huanzia ngazi ya kwanza. Mchezo ulipozinduliwa, kilele kilikuwa ngazi ya 60, na kukifikia kulihitaji saa nyingi mno za subira. Sasa mfikirie mchezaji aliyekwisha kufika kileleni. Mhusika wake amevaa deraya inayong'aa na wageni humpisha njiani. Mchezaji huyo anaamua kuunda mhusika mpya. Mara moja anajikuta amevaa matambara, mkononi ana silaha hafifu, na mbwa mwitu wa kawaida anaweza kumtoa roho. Kila kilichoonekana kwa macho kimemtoka.

Amebaki na nini? Amebaki na yale yasiyoonekana. Anazijua njia. Anajua ni adui yupi wa kukabiliwa na yupi wa kukimbiwa, ni bidhaa zipi za kuuzwa na zipi za kuhifadhiwa. Anaijua lugha ya wenzake: namna ya kuomba msaada, namna ya kujiunga na kundi, namna ya kuomba radhi anapoliponza kundi hilo. Ndiyo maana mhusika wa pili aghalabu hupanda ngazi kwa kasi kuliko wa kwanza. Alama zilikuwa za mhusika, nazo zimebaki naye. Maarifa yalikuwa ya mchezaji, na mchezaji amehama nayo.

Fauka ya hayo, wengi hawaundi nakala ya mhusika wa awali. Aliyekuwa askari wa mstari wa mbele huamua kuwa mponyaji, yule anayesimama nyuma na kuyatibu majeraha ya wenzake. Hapo huona asiyoyaona zamani. Alipokuwa askari, aliukimbilia mlango wa pango bila kugeuka nyuma. Sasa yeye ndiye anayeachwa nyuma nguvu zikiwa zimemwishia, huku askari mwingine akikimbia vilevile na kulaumu kwamba hakutibiwa. Akirudi siku nyingine kwa yule askari wake, hukimbia kwa hadhari zaidi.

Mwanaisimu wa Marekani, James Paul Gee, alilitafakari suala hili katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 2003 kuhusu yale ambayo michezo ya video inaweza kutufunza juu ya kujifunza na kusoma. Gee anatofautisha nafsi tatu zinazokutana katika mchezo. Kuna nafsi halisi, yaani mtu aliyeketi mbele ya kioo. Kuna nafsi ya kubuni, yaani mhusika. Baina yao ipo nafsi ya tatu, ambayo ni ule mradi wa mchezaji, kwa maana ya mtu anayetaka mhusika wake awe. Gee anashikilia kwamba mafunzo ya kweli hutendeka katika nafsi hiyo ya tatu. Anaongeza, kwa kuazima wazo la Erik Erikson, kwamba mwanafunzi huthubutu zaidi pale ambapo gharama ya kukosea imepunguzwa.

Walimu wa lugha hawapaswi kulistaajabia jambo hili. Georgi Lozanov, daktari wa akili kutoka Bulgaria, alibuni mbinu ya kufundisha lugha iliyopata umaarufu katika miaka ya 1970. Katika darasa lake, mwanafunzi alipewa jina jipya na maisha mapya katika lugha aliyojifunza. Mtu mzima mwenye cheo na heshima zake aliketi darasani akiwa na jina la kigeni na kazi ya kubuni. Alipokosea, kosa lilikuwa la yule mgeni. Mantiki yake ni wazi. Profesa anayejifunza Kifaransa hushuka kutoka ngazi ya 60 hadi ya kwanza, kwani huzungumza kama mtoto wa miaka mitatu. Asipopata mahali pa kuiweka aibu hiyo, atanyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kuzungumza.

Tugeukie sasa shule zetu. Sikiliza jinsi tunavyoyataja matokeo ya mitihani katika vyumba vya walimu. Husemwa, "Huyu ni D," au "Yule ni A." Kitenzi kishirikishi "ni" kina kazi mahususi katika Kiswahili: hukisawazisha kilicho kushoto kwake na kilicho kulia. Husema kwamba mtu huyu na herufi hii ni kitu kimoja, wala hakionyeshi wakati. Linganisha na kauli "Alipata D." Hapa kuna kitenzi, kuna wakati uliopita, na kuna umbali kati ya mtu na alama. Kauli ya pili inamwachia mwanafunzi mlango wazi wa kusema kesho, "Yule aliyepata D ni mimi wa mwaka jana." Kauli ya kwanza inaufunga mlango huo kwa kufuli.

Msamiati wetu nao una makosa yake. Mtahiniwa wa KCSE anayeamua kuukalia mtihani upya tunasema "anarudia". Kitenzi hicho kimetokana na "rudi", kwenda nyuma. Isitoshe, kuna "rudi" nyingine inayotamkwa vivyo hivyo, yenye maana ya kumtia mtoto adabu, kama tunavyosema mzazi amemrudi mwanawe. Mwanaisimu atayatenganisha maneno hayo mawili katika kamusi, lakini sikio la kijana aliyejeruhiwa halina kamusi. Mchezaji wa mtandaoni, kwa tendo lilo hilo, husema "ninaanza upya". Mmoja anatazama alikotoka, mwingine anatazama aendako.

Vivyo hivyo, anayeanza jambo tuna njia mbili za kumwita. Tunaweza kumwita limbukeni, neno ambalo siku hizi halikosi harufu ya dharau. Tunaweza pia kumwita mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi chini ya fundi, na ambaye hakuna anayemcheka kwa kutojua kwake, maana kutojua ndiko kulikomleta karakanani. Lugha yetu inayo maneno yote mawili. Ni juu yetu kuchagua.

Naam, wapo watakaopinga. Watasema kwamba mchezo ni mchezo na maisha ni maisha. Mchezaji huanza upya kwa kubonyeza kitufe, ilhali kijana aliyeanguka mtihani amepoteza mwaka, na mzazi wake ameuza ng'ombe. Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipuuza. Hata hivyo, wachezaji wenyewe wameiwazia. Mnamo Agosti 2023, World of Warcraft ulifungua rasmi viwanja ambamo kifo ni cha kudumu. Humo, mhusika akifa katika ngazi ya 59, hafufuki tena kuendelea na safari katika uwanja huo. Ajabu ni kwamba wapo waliohiari kuingia, wakafa, wakaanza tena kutoka ngazi ya kwanza wakijua wazi wanachokihatarisha. Gharama haikuwazuia kuanza upya. Pengine kinachomzuia mtu kuanza upya ni ile hukumu kwamba aliyeshindwa ni yeye mzima, kuanzia utosini hadi wayoni.

Wengine watauliza kuhusu uraibu. Wana haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na mzazi anayemwona mwanawe akikesha mbele ya kioo huku madaftari yakivumbika hahitaji kuhadithiwa na profesa. Hata ndani ya michezo yenyewe, kuanza upya kunaweza kuwa njia ya kutoroka. Wapo wachezaji wenye wahusika kumi, na hakuna hata mmoja aliyepita ngazi ya 15. Kila njia inapokuwa ngumu, huunda mwingine. Wenzao ni wale wanafunzi wa vyuo wanaohama kozi kila muhula, na wale wanaonunua daftari jipya kila Januari wakaandika kurasa tatu tu. Kuanza upya kwa namna hiyo hakubebi chochote kutoka safari iliyotangulia. Mtihani wa kuanza upya kwa kweli ni swali moja: je, unajua leo usilolijua ulipoanza mara ya kwanza?

Walimu wenzangu, hayo yote hayahitaji tarakilishi wala bando la intaneti. Mwanafunzi anapoandika insha mbovu, mwambie ni wapi ilipopotea njia, mwache aiandike upya, na umpe alama za ile ya pili. Katika somo la kuzungumza, wape majina ya kuazima: huyu awe mtangazaji wa redio, yule awe wakili, na yule mnyamavu wa nyuma awe balozi aliyetoka ng'ambo. Utashangaa balozi huyo atakavyopata ulimi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 tayari inakataza kumzuia mwanafunzi asivuke darasa. Lakini hakuna sheria inayoweza kutukataza kusema "huyu ni D". Hilo twaweza kulikomesha wenyewe.

Na ninyi wanafunzi, hasa mnaojiandaa kuukalia mtihani kwa mara ya pili, wahenga walikwisha kulinena jambo hili kabla ya tarakilishi ya kwanza kuundwa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni chombo, na chombo huvunjika. Uhunzi umo mkononi na kichwani mwa mhunzi. Atakayerejea katika chumba cha mtihani Novemba anaweza kuwa na jina lilelile na nambari mpya, lakini hayuko pale alipokuwa mwaka jana. Anajua ni swali lipi lililomponza, ni somo lipi alilolidharau, na ni saa zipi alizozipoteza. Hizo ndizo mali alizohama nazo, na hakuna karatasi ya matokeo inayoweza kumpokonya.