Mwili hauuzwi rejareja: ndoo, kigoda na hesabu ya kujivuta

Saa kumi na moja na nusu jioni foleni ya Barabara ya Kilwa imeshaganda, na nyuma ya nyumba moja ya kupanga hapa Mtoni kwa Azizi Ali vijana wanne wanapiga tizi. Vifaa vyao vyote vingeenea kwenye bajaji moja: nondo nene iliyolazwa kutoka kwenye panda ya mwarobaini hadi juu ya ukuta wa tofali, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa kipande cha bomba, ndoo, na kigoda cha kuazima. Kijana wa tano ndiyo kwanza anaingia. Anauza maji kwa mkokoteni, na tangu asubuhi amekuwa akishusha madumu ya lita 20 milangoni mwa watu, mawili mawili, moja kila mkono. Mabega yake yanatisha. Anairukia nondo, anavuta, mishipa ya shingo inamtoka, miguu inapiga makasia hewani, na utosi unakwama shibiri moja chini ya nondo.

"Madumu ya mtaa mzima unabeba, mwili wako mwenyewe unakushinda?" mwenzake anamuuliza, na uwanja mzima unaangua kicheko.

Wakaniona nami nacheka. "Shikamoo mzee. Hebu na wewe jaribu." Nilining'inia pale kama koti kwenye msumari, nikashuka, nikajifanya naangalia simu.

Lile swali liliulizwa kwa utani, lakini lina jibu. Anayebeba dumu mkono wake umenyooka kuelekea chini. Kazi kubwa inafanywa na vidole, mgongo wa chini na miguu. Anayejivuta anaanza mikono ikiwa imenyooka juu ya kichwa, kisha misuli mipana ya mgongo, ile inayotanda kutoka kiunoni hadi kwapani, inalazimika kuviteremsha viwiko mpaka ubavuni huku mwili wote ukifuata. Nguvu hujengeka pale inapotumika, kwa mwelekeo ule ule na pembe ile ile. Madumu hayajawahi kumwomba kijana yule avute kitu kutoka juu.

Na kuna sababu ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa. Mwenye vyuma anaweza kuanza na kilo tano, wiki ijayo akapanda hadi saba. Mwenye mwili peke yake, siku ya kwanza kabisa, anakabidhiwa mzigo mzima. Kama ana kilo 75, ni kilo 75 au hakuna. Mwili hauuzwi rejareja. Dukani kwa Mangi unapata robo ya sukari na mafuta ya kupima, lakini nondo inakuuzia gunia zima. Ndoo, kigoda, kamba na begi la shule kazi yake ni hiyo tu, kuukata mwili vipande vya kupimika.

Chukua pushapu, kwa kuwa mizigo yake imeshapimwa. Mwaka 2011 William Ebben na wenzake, watafiti wa Marekani, waliwaweka watu juu ya mizani maalumu ya sakafuni na kuona mikono inabeba sehemu gani ya uzito wa mwili katika kila mkao. Pushapu ya kawaida inabeba asilimia 64. Ukiweka magoti chini inashuka hadi 49. Ukiiegemeza mikono kwenye kitu chenye kimo cha sentimita 30 ni 55, na kwenye sentimita 60 ni 41. Ukigeuza, miguu ndiyo ikapanda juu sentimita 60, unabeba asilimia 74.

Sasa mpe hesabu hiyo mtu wa kilo 70. Mikono yake ikiwa kwenye ukingo wa kitanda kirefu anasukuma kama kilo 29. Kwenye stuli fupi ni 38 na ushei. Sakafuni ni karibu 45. Miguu ikipanda kitandani na mikono ikabaki sakafuni ni kama kilo 52, yaani mfuko wa saruji na kilo mbili juu yake. Huyo hajatoka chumbani mwake na hajanunua kitu. Angalizo moja: ndoo ya plastiki iliyopinduliwa hupasuka bila kuaga, hasa ile iliyokaa juani mwaka mzima. Tumia tofali, au ijaze mchanga kwanza.

Turudi kwenye nondo, maana pale ndipo penye mkwamo wa wengi. Asiyeweza kupanda aanze na kushuka. Asimame juu ya kigoda, ashike nondo, aruke kidogo hadi kidevu kipite juu ya chuma, kisha ajiteremshe taratibu kabisa. Mwanzoni nusu ya vijana niliowaona walidondoka kama embe. Lakini msuli unaorefuka huku ukibeba mzigo una nguvu zaidi kuliko msuli unaojikunja, na hilo limeonyeshwa kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1952, London, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie waliunganisha baiskeli mbili zisizotembea, zikapeana mgongo na kushirikiana mnyororo mmoja. Mmoja anakanyaga kwenda mbele, mwingine anazuia pedali zinazomrudia. Bigland, mwanamke mwenye umbo dogo, alikuwa akizuia, na mwanamume mkubwa aliyekuwa akikanyaga alichoka hoi mapema huku yeye akiwa hana habari. Walipopima hewa ya oksijeni iliyotumika, anayezuia alikuwa anatumia kidogo sana kuliko anayesukuma.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za protini mbili, aktini na miosini. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoikamata aktini, vinaivuta, vinaachia, vinakamata tena mbele kidogo, kama wavuvi wanaovuta kokoro kwa kupokezana mikono. Kila kuachia na kukamata upya kunagharimu nishati. Unaposhuka, mzigo wenyewe ndio unaovibandua vile vichwa kwa nguvu, kwa hiyo msuli unazuia sana huku ukilipa kidogo. Na kuna protini ya tatu, titini, inayofanya kazi kama springi, nayo inakaza inapovutwa. Ndiyo maana mtu asiyeweza kujivuta hata mara moja anaweza kujishusha mara tano, na katika kushuka huko mgongo wake unabeba kilo zote 75. Amepata gunia zima kwa bei ya robo.

Kiasi? Sekunde tano kila mshuko, mara tatu hadi tano, siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Zikifika sekunde kumi kwa kila mshuko na bado hutetemeki, geuza: baki na kigoda chini, kidole gumba cha mguu kikiwa juu yake, ujivute kwenda juu huku mguu ukisaidia kidogo tu. Tyubu ya pikipiki iliyofungwa kitanzi kwenye nondo, ukaweka goti ndani yake, inafanya kazi ile ile. Asiye na nondo alale chini ya meza nzito ya mbao, ashike ukingo, avute kifua kuelekea juu visigino vikibaki sakafuni. Mlango wa chumba cha kupanga usiuguse. Bawaba zake zilitengenezwa kubeba mlango, na fundi atamdai aliyening'inia.

Mtu huongeza nguvu wiki mbili tatu za kwanza wakati kioo hakionyeshi chochote, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani hakuna kinachoendelea. Toshio Moritani na Herbert deVries walieleza jambo hili mwaka 1979: mwanzoni nguvu inatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu, nyama inafuata baadaye. Ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja, na kuizuia misuli ya upande wa pili isivutane nayo. Fikiria watu kumi wanaosukuma daladala iliyozima, kila mmoja kwa wakati wake, kisha mmoja akaanza kuhesabu.

Ukishajivuta mara nane bila msaada, mwili umekuwa mwepesi na unahitaji kuongezwa. Hapa ndipo begi la mgongoni linapoingia, na chupa za maji za lita moja na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, yawe ya kisima au ya mtambo wa hapa hapa Mtoni unaochota Mto Kizinga. Chupa moja wiki hii, mbili wiki ijayo. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha mwaka 1945 njia hii ya kuongeza uzito kidogo kidogo, baada ya kuitumia kwa askari waliorudi kutoka vitani na magoti mabovu. Kabla ya hapo, mgonjwa wa goti alikuwa akirudia mwendo mwepesi mara nyingi, na mguu ukabaki mwembamba vile vile.

Kubeba huko kunahitaji tahadhari. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima presha watunisha misuli kwa kuwaingizia kipimo ndani ya mshipa huku wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu. Wastani wa kilele ulifika 320 kwa 250. Chanzo kimojawapo ni kubana pumzi. Hao walikuwa vijana wenye afya, na presha ilishuka mara baada ya kutua mzigo, lakini mtu ambaye ameshaambiwa kliniki kwamba presha yake iko juu aongee na daktari kwanza. Kwa wote, dawa ni kuhesabu kwa sauti. Huwezi kutamka "nne" huku umebana pumzi.

Kushuka kuna maumivu yake. Kesho yake utaanza kuyasikia, keshokutwa kuvaa shati ni kazi. Hayo hupungua sana mara ya pili na ya tatu. Ila mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi baada ya tizi kali, usisubiri. Msuli uliovunjika kupita kiasi unamwaga protini inayoweza kuziba figo, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kano nazo, zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hukomaa polepole kuliko nyama, kwa hiyo kiwiko kinaweza kulalamika wakati mgongo unataka zaidi. Hapo haraka haifai: tangu wanasarakasi Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu washinde shindano la America's Got Talent: Fantasy League Februari 2024, mmoja akisimama kwa kichwa juu ya kichwa cha mwenzake, nimewaona watoto wakijaribu uwanjani. Wale wana miaka mingi ndani ya shingo zao. Mtoto ana wiki moja na video.

Chakula nakipitia haraka kwa sababu Mtoni hakina siri: maharage, dagaa, mayai, kunde. Pesa ya unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyevimba inanunua dagaa wa mwezi.

Nimesema kigoda ni cha kuazima. Mwenyewe ni mama mwenye nyumba, miaka 60 imeshampita, anayekaanga mihogo pale mbele jioni. Anakikalia, anasimama kumhudumia mteja, anakaa tena, bila kushika kitu, bakuli mkononi. Nilihesabu mara 22 nikiwa nasubiri mihogo yangu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima aimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa wazee wengi kuinuka kwenye kiti bila mikono ndiko kujivuta kwao. Anayeshindwa aanze na kiti kirefu, ateremke hadi stuli, kisha kigoda. Vijana nao wakitaka kuchuchumaa kwa mguu mmoja wapite njia hiyo hiyo: mguu mmoja mbele hewani, wakalie stuli taratibu, wainuke, wiki zikipita washushe kimo.

Nilipita tena baada ya wiki tano. Muuza maji alikuwa juu, kidevu kimeipita nondo, anashuka, wenzake wakihesabu kwa sauti pamoja naye. Walipofika saba, mama akatokea kwenye kona na mwiko wa kukaangia.

"Kigoda changu kiko wapi? Wateja wamejaa."

"Bi mkubwa, subiri ashuke!"

Hakusubiri. Akakivuta chini ya miguu ya muuza maji, akaondoka nacho. Kijana alikuwa ameshanyooka mikono yote miwili, ananing'inia, hana pa kukanyaga. Akatazama chini, akatazama nondo.

"Hesabuni upya," akasema, akaanza kuvuta.