Mashine ya kompyuta katika atelie ya seremala: tuhesabu mbele ya kununua



Ukipita Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, hukosi kuona atelie za maseremala kando ya barabara: vitanda, milango na makabati yamepangwa inje, na vijana wawili watatu wanapiga randa. Ni kazi inayolisha nyumba nyingi za washiriki wetu. Siku hizi vijana hao wanaona kwenye simu video za mashine inayokata ubao mzima ikiongozwa na kompyuta, bila mkono wa mtu kuishika. Wanakuja kwa wazee wa kanisa na kuuliza: kwa nini parokia isitununulie moja, tuanze kazi ya fanicha?

Swali hilo ni jema, lakini linagusa feza za akiba ya watu, na mara nyingine sadaka ya kanisa. Inafaa basi kueleza mashine hii inafanya nini, haifanyi nini, na hesabu yake inakwenda namna gani. Shauri langu ni moja: tafuteni komande kwanza, mashine ifuate.

Mashine hii ni nini

Wengi wanaiita CNC. Ni meza kubwa, na juu yake kuna daraja la chuma linalobeba mota ndogo. Mota inazungusha meshi, yaani kisu cha mviringo, mara 18,000 hivi kwa dakika. Kompyuta inaipeleka kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Fundi anachora kipande kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa njia ya kisu, na njia hiyo inaandikwa kwa hesabu ambazo mashine inazifuata moja moja.

Ujuzi huu si mpya. Mashine ya kwanza ya namna hii ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, na nia ilikuwa kutengeneza vipande vya ndege. Kwa miaka mingi ilibaki mali ya viwanda vikubwa. Mwaka 1996 Ted Hall, mtu aliyependa kujijengea mashua za mbao, alianzisha kampuni ya ShopBot huko Durham, North Carolina, ili atelie ndogo nazo ziweze kupata mashine hizo. Leo viwanda vya China vinauza meza ya milimita 1300 kwa 2500, ambayo inatosha kulaza tripleksi nzima ya milimita 1220 kwa 2440.

Kwa upande wa michoro, hakuna sababu ya kuiba programu. FreeCAD na Inkscape ni za bure kwa haki kabisa, na zikishawekwa kwenye kompyuta zinafanya kazi bila intaneti. Kijana mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuanza kujifunza leo, hata kama mashine yenyewe hajaiona.

Inachotoa na isichotoa

Zawadi yake kubwa ni usawa. Kipande cha arobaini kinalingana na kile cha kwanza. Tuchukue mfano wa madawati ya shule. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure katika shule za serikali, madarasa yetu yamejaa, na watoto wengi wanakaa wanne ao watano kwenye benchi moja. Atelie yenye mchoro mzuri inaweza kukata madawati ambayo vipande vyake vyote vinaingiliana. Mguu ukivunjika mwaka kesho, mchoro ungali kwenye kompyuta: unakata mguu mwingine, nao unaingia palepale. Tena programu inapanga vipande kwenye ubao ili mbao isipotee ovyo.

Lakini mashine haijui mbao. Haiwezi kukuambia kwamba ubao huu wa libuyu bado ni mbichi na utapinda mbele ya Pasaka. Haipigi msasa, haipaki verni, haikazi visi, haiendi nyumbani kwa mama kupima kama kabati litapita mlangoni. Inapenda ubao ulio bapa. Mbao ya msumeno iliyopinda lazima ipigwe randa kwanza.

Kuna pia mambo mawili yanayowashangaza wanaoanza. La kwanza: meshi ni ya mviringo, kwa hiyo haiwezi kukata pembe kali ndani ya tundu. Pembe inabaki duara, na kipande cha mraba hakiingii. Fundi lazima achore nafasi ndogo ya kuzidi kwenye pembe, ao amalizie kwa patasi. La pili: tripleksi inayouzwa kwa jina la milimita 18 mara nyingi haifiki 18 kamili. Ukichora mfereji wa 18, kiungo kitacheza. Kila ubao upimwe unene mbele ya kukatwa.

Kwa sababu hiyo, seremala mzee wa atelie hafukuzwi na mashine hii. Yeye ndiye anayejua mambo ambayo kompyuta haiyajui. Atelie itakayofanikiwa ni ile ambapo kijana wa kompyuta na mzee wa randa wanakaa meza moja, kila mmoja akiheshimu ujuzi wa mwenzake. Na kijana anayejifunza kazi asinyimwe msumeno na patasi eti mashine ipo. Siku mashine itakapolala, mikono yake ndiyo itakayolisha nyumba.

Hesabu ya mashine iliyolala

Hapa naomba tusome polepole. Nitatumia mfano tu. Kila mmoja aweke bei za soko lake.

Tuseme mashine, pamoja na safari yake kutoka Mombasa ao Dar es Salaam, forodha na TVA ya 16%, imefika kwenu kwa dola 6,000. Mnataka irudishe feza hizo kwa miaka minne. Tuseme kukata dawati moja kunachukua nusu saa.

Ikifanya kazi saa nne kwa siku, siku 250 kwa mwaka, itakata saa 4,000 katika miaka minne. Gawanya 6,000 kwa 4,000: kila saa inabeba dola 1.50 ya mashine, na kila dawati senti 75. Hapo mashine ni baraka.

Lakini kama komande zenu ni madawati mawili tu kwa mwezi, mashine inakata saa moja kwa mwezi, yaani saa 48 katika miaka minne. Gawanya tena: kila saa inabeba dola 125, na kila dawati dola 62.50, mbele ya kununua mbao, gundi, visi na verni, na mbele ya kulipa hata mfanyakazi mmoja. Jirani mwenye msumeno wa mkono atauza kwa bei ya chini kuliko ninyi, na hatakuwa na deni.

Mashine ni ileile katika hesabu zote mbili. Tofauti ni komande. Yesu alipotoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, alitufundisha kukaa na kuhesabu kwanza. Mfano huo unafaa kamati za parokia vilevile.

Umeme na vumbi

Mashine ndogo yenye mota ya kilowati 2.2 inatumia umeme wa kawaida wa volti 220. Zile kubwa zinahitaji umeme wa faze tatu, ambao si kila mtaa unao. Ulizeni jambo hilo kwa SNEL ao kwa kampuni inayowaletea umeme mbele ya kulipa chochote. Kurenti ikikatika katikati ya kazi, mashine nyingi husahau mahali zilipofika, na ubao unaweza kuharibika. Betri ya kulinda kompyuta inasaidia, lakini mota yenyewe itasimama. Wanaotegemea jenereta waweke mafuta katika bei ya kila saa, wasiyachukue mfukoni na kuyasahau.

Vumbi nalo si jambo dogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa mwanadamu. Meshi inayozunguka kwa kasi inatoa vumbi laini kuliko msumeno. Barakoa nzuri, mashine ya kufyonza vumbi, miwani na vifuniko vya masikio vinapaswa kuwa ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Na atelie isiwekwe chini ya ukumbi ambamo watoto wanasomea siku ya Jumapili.

Kuanza bila mashine

Inawezekana kuanza kazi hii bila kununua mashine. Chagueni chombo kimoja tu, si kumi: dawati la shule, ao kitanda cha mtoto, ao rafu ya duka. Mchoreni vizuri. Tengenezeni kimoja kwa mkono, mkikalie, mkitikise, mkirekebishe. Kisha nendeni kuuza.

Kama kuna mwenye mashine mjini kwenu ao mji wa jirani, mlipeni awakatie, ninyi mumalizie. Mnaweza pia kumwomba akate kielelezo kimoja cha kila kipande, kwa ubao mgumu. Kisha kwa mashine ya mkono ya kuchonga, yenye meshi iliyo na gurudumu dogo linalofuata ukingo wa kielelezo, mtatoa vipande vinavyolingana mwaka mzima. Feza yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya meza ya kompyuta.

Andikeni kila komande katika daftari: jina la mteja, tarehe, bei, gharama, faida. Siku daftari litakapoonyesha kwamba mnalipa kukatiwa feza nyingi kila mwezi, na wateja wanangojea, hapo daftari lenyewe litasema kwamba wakati wa kununua umefika. Siku hiyo pia mtakuwa na hesabu za kuonyesha kwa koperative ya akiba na mikopo, pamoja na hati zenu kutoka guichet unique.

Avansi ya mteja

Kuna jambo moja ambalo mashine haiwezi kulitengeneza. Sote tunajua hadithi ya avansi. Mama analipa nusu ya bei ya kitanda. Feza yake inanunua mbao ya kabati la mteja wa kwanza, ambaye avansi yake ilikwisha kuliwa nyumbani. Mama anaambiwa Jumamosi, kisha Jumamosi nyingine, kisha simu haipokelewi tena. Hivi ndivyo mafundi wenye mikono mizuri wanavyokosa wateja.

Mashine ikiingia katika atelie ya namna hiyo, itaongeza mwendo wa deni tu, kwa sababu itavuta komande nyingi na avansi nyingi. Kwa hiyo mbele ya kununua, jifunzeni haya: avansi ya mteja ikae peke yake, katika bahasha yenye jina lake ao katika akaunti ya simu isiyoguswa, inunue mbao ya mteja huyo tu, na siku iliyoahidiwa iheshimiwe, ao mteja ajulishwe mapema. Kwetu, ambako barabara inaweza kufungwa asubuhi moja na bei ya tripleksi ikapanda kabla ya jioni, nunueni mbao siku ileile mnapopokea avansi.

Kamati ya parokia ikiombwa mashine, iulize vijana maswali manne. Mmekwisha kuuza nini? Nani anawadai sasa? Umeme wenu unakaa saa ngapi kwa siku? Nani katika kundi anajua mbao, na nani anajua mchoro? Wenye majibu mazuri wasaidiwe bila hofu. Wasio na majibu wasikatishwe tamaa: wapewe komande moja ya madawati sita ya shule yetu, pamoja na tarehe ya kuyatoa, halafu tuone.