Motokari ya mbio kwa bei ndogo: uliza mbele ya kulipa

Pengine umekwisha kuona motokari ya namna hii katika mutaa wenu. Ni ya chini, iko na milango miwili, rangi yake inangaa sawa kioo. Watoto wanaizunguka. Lakini haitembei. Iko juu ya mawe mane katika lupango, na kuku wanalala chini yake.

Hii tunayoizungumza hapa ni ya kijana mumoja wa Kolwezi anayetumika katika mugodi wa shaba. Alichunga primu zake miaka miwili. Siku alipoiingiza nyumbani, baba yake aliizunguka mara moja, akauliza:

— Mutoto yangu, hii kitu inakula nini?

— Inakula esanse, papa, sawa zingine zote.

— Hapana. Ninakuuliza, kwa mwezi inakula ngapi?

Kijana alikosa jibu. Nyuma ya miezi mitano turbo ikakufa. Feza ya kuitengeneza ilikuwa ni feza ya mahari, na ndoa ikasogezwa mwaka muzima.

Hatuandiki hii kwa kumucheka. Kupenda motokari nzuri si ubaya. Lakini ulizo la ule muzee ndilo la kwanza kwa kila kijana anayetamani motokari ya mbio.

Bei ni mbili

Bei ya kwanza ni ile ya kununua, pamoja na safari yake: kutoka Japani, bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Kasumbalesa, na duane. Bei ya pili inakuja kila mwezi: esanse, mafuta ya motere, mipira, freni, piesi, asiransi. Ukiona motokari ya mbio inauzishwa bei ya chini sana, fahamu kwamba mara nyingi ni bei ya pili iliyochokesha mwenyewe.

Angalia Mazda RX-8, iliyotengenezwa tangu 2003 hadi 2012. Motere yake haina pistoni za kupanda na kushuka. Iko na vipande viwili vya pembe tatu vinavyozunguka. Inakimbia vizuri bila kutetemeka, lakini imeundwa ili ichome mafuta kidogo ya motere pamoja na esanse. Anayesahau kupima mafuta anaiua. Basi uliza: katika muji wetu, ni fundi gani anajua kuifungua? Kama hakuna, iache, hata bei ikiwa tamu.

Turbo nayo inataka mafuta safi siku zote, na motere nyingi za turbo za Japani ziliundwa kwa esanse ya daraja la juu. Zaidi ya hiyo, haujui mwenyewe wa kwanza aliikanyaga namna gani.

Nguvu si kila kitu

Mwaka 1989, huko Chicago, Mazda walionyesha motokari ndogo, MX-5. Motere yake ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, na nguvu ya farasi kati ya 115 na 120. Si nyingi. Lakini uzito wake ulikuwa chini ya tani moja. Motokari nyepesi inakata kona vizuri, inasimama upesi, inakunywa kidogo, na haimalizi mipira mbio. Kwa sababu hiyo watu waliipenda, na katika mwaka 2016 hesabu yake ilifika milioni moja.

Walakini iko na viti viwili tu. Ukiwa na muke na watoto, watakaa wapi?

Kwa mwenye jamaa, kuko zingine. Toyota Celica ya mwisho, ya 1999 hadi 2006, ina viti vine. Motere yake ya kawaida ya lita 1.8, inayoitwa 1ZZ, inapatikana pia katika Corolla za miaka ile. Maana yake, fundi anayejua Corolla haitamushangaza. Toyota Altezza, ya 1998 hadi 2005, ina milango mine na viti vitano, lakini inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati wa mvua ukikanyaga bila akili, mukia wake unateleza.

Tena angalia usukani. Zile za Japani ziko na usukani kuume, na sisi tunatembeza upande wa kuume wa njia. Ukitaka kupita lori ya shaba kwenye njia ya Likasi, hauone mbele mpaka motokari yako nzima itoke inje. Celica na MX-5 ziliuzishwa Ulaya na usukani wa kushoto. Altezza vilevile, kwa jina la Lexus IS. Afazali kungoja moja ya hizo.

Mbele ya kutoa feza

Fika asubuhi, motere ikiwa baridi, na uwashe mwenyewe. Moshi wa bluu: inachoma mafuta ya motere. Moshi mweusi: inakunywa esanse kupita kipimo. Moshi mweupe mwingi usioisha hata motere ikipata moto: pengine maji yanaingia ndani.

Kama imetoka kwenye munada wa Japani, omba karatasi yake. Alama ya R au RA inasema iligongwa na kutengenezwa.

Soma mupira. Tafuta namba ine za mwisho kwenye ubavu wake: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mupira wa zamani, hata ukingaa, ni hatari.

Kata fimbo ya urefu sawa na nafasi iliyo chini ya tumbo la motokari. Nenda nayo kwenye dodane ya mutaa wenu. Fimbo ikiwa fupi, utajua mapema.

Lipa fundi ambaye si rafiki wa muuzishaji. Na usimalize feza yote: chunga sehemu moja ya tatu kwa freni, mipira na mafuta.

Mbio iko na deni

Ukizidisha mbio mara mbili, urefu wa kusimama kwa freni unazidi mara ine. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilometa karibu 120. Kwa mbio ya 80 ni saa moja na nusu. Kwa 120 ni saa moja. Unapata nusu saa tu, na njiani kuko wenye kusukuma makala kwa kinga na watoto wanaotoka masomo.

Ule kijana wa Kolwezi aliuzisha motokari yake vipande vipande. Ndoa ilikwisha kufungwa. Nyuma yake alipata Celica ya usukani wa kushoto, si mupya. Mbele ya kuilipa alimuletea baba yake karatasi: esanse ngapi, mafuta ngapi, asiransi ngapi kwa mwezi. Muzee aliisoma polepole, akavaa kofia yake.

— Sasa ninajua inakula nini. Twende tuione.

Na wewe, kijana, karatasi yako iko wapi? Iandike leo, na uisome pamoja na watu wa nyumba yako.