Estradioli kwa wanaume wanaotibiwa kwa testosteroni: namna ya kuielewa karatasi ya maabara

Homoni ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika unenepeshaji wa ng'ombe ndiyo hiyo hiyo inayoilinda mifupa ya mwanamume. Yeyote anayetibiwa kwa testosteroni yampasa kuielewa kabla ya kuiogopa.

Makala yetu ya afya leo inatoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji na makao makuu ya Umoja wa Ulaya. Katika mji huu jina la estradioli lilivuma kwa miaka mingi, si hospitalini, bali katika mikutano ya mawaziri wa kilimo. Mwaka 1989 Ulaya iliacha kununua nje nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Mwaka 1999 Marekani ikajibu kwa kuzitoza bidhaa za Ulaya ushuru wa adhabu. Mwaka huo huo wanasayansi washauri wa Umoja wa Ulaya walionya kwamba estradioli inaweza kuchangia saratani, na mwaka 2003 ikapitishwa sheria iliyoizuia kabisa isitumiwe kuwanenepesha mifugo.

Si ajabu basi kwamba mwanamume anayetibiwa kwa testosteroni hushtuka anapolikuta jina hilo katika majibu yake ya damu. Amezoea kusikia kwamba hiyo ni homoni ya kike. Hujiuliza: imeingiaje mwilini mwangu, na je, nitafute dawa ya kuipunguza?

Si mgeni katika mwili wa kiume

Jibu la swali la kwanza lilianza kufahamika zamani. Mwaka 1934 mtaalamu Bernhard Zondek alitangaza jambo lililowashangaza wenzake: mkojo wa farasi dume una homoni nyingi za jamii ya estrojeni. Leo inajulikana kwamba kila mwanamume mwenye afya ana estradioli katika damu yake. Sehemu ndogo, takriban moja kwa tano, hutolewa na korodani zenyewe. Iliyobaki hutengenezwa kutokana na testosteroni, kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo katika mafuta ya mwili, mifupa, ubongo na kwingineko.

Kwa maneno mengine, testosteroni ni mzazi na estradioli ni mtoto wake. Mwanamume akiongezewa testosteroni kwa sindano au kwa jeli ya kupaka, estradioli nayo hupanda. Hilo si kosa la tiba. Ndivyo mwili unavyofanya kazi. Mwenye mafuta mengi mwilini hugeuza testosteroni nyingi zaidi, na ugonjwa wa ini nao unaweza kuivuruga mizani hiyo.

Yaliyowapata walioikosa

Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa umri wa miaka 28, ambaye mwili wake haukuweza kuipokea amri ya estrojeni. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida. Hata hivyo alikuwa na urefu wa sentimita 204 na alikuwa bado anarefuka, kwa kuwa ncha za mifupa yake hazijafunga, na mifupa yenyewe ilikuwa dhaifu kama ya mzee. Baadaye walipatikana wanaume wengine waliozaliwa bila aromatasi. Hao walipopewa estradioli, mifupa yao ilikomaa na kupata nguvu.

Mwaka 2013 kundi la watafiti wa mjini Boston, likiongozwa na Joel Finkelstein, lilitoa matokeo ya utafiti mwingine. Wanaume wenye afya walizimiwa homoni zao kwa dawa, kisha wakarudishiwa testosteroni kwa vipimo mbalimbali. Baadhi yao waliongezewa dawa inayozuia testosteroni isigeuke kuwa estradioli. Ilidhihirika kwamba ukubwa na nguvu za misuli hutegemea testosteroni, lakini upungufu wa estradioli ndio ulioongeza mafuta mwilini. Hamu ya tendo la ndoa ilidhoofu kwa kukosekana homoni zote mbili.

Ubelgiji nayo ina mchango wake. Katika Chuo Kikuu cha Ghent, Alex Vermeulen na Jean-Marc Kaufman walichunguza kwa miaka mingi homoni za wanaume wanaozeeka. Mji wa Leuven, ulio mashariki ya Brussels kwa mwendo mfupi wa treni, ulikuwa mmoja wa miji minane ya Ulaya iliyoshiriki katika uchunguzi wa wanaume zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba uchovu peke yake hauthibitishi upungufu wa testosteroni. Panahitajika dalili tatu za kupungua kwa uwezo na hamu ya kujamiiana, pamoja na kiwango kidogo cha homoni katika damu. Waliotimiza masharti hayo walikuwa takriban wawili tu katika kila mia.

Tarakimu isomwe vipi?

Maabara nyingi huhesabu kwamba kiwango cha kawaida cha mwanamume ni kati ya pikogramu 10 na 40 kwa mililita, ingawa mipaka hutofautiana. Jambo la kwanza la kutazama ni kipimo kilichotumiwa. Maabara nyingine huandika pikomoli kwa lita, na hapo tarakimu huwa kubwa zaidi ya mara tatu na nusu: pikogramu 30 kwa mililita ni sawa na pikomoli 110 kwa lita. Aliyepimwa Brussels, kisha akapimwa tena Nairobi au Dar es Salaam, anaweza kudhani kwamba homoni imepanda ghafla, kumbe kilichobadilika ni kipimo tu.

Jambo la pili ni njia ya upimaji. Njia ya kawaida ya kutumia kingamwili inafaa zaidi kwa viwango vikubwa vya wanawake, na hukosea kwa urahisi kwa viwango vidogo vya wanaume. Njia ya kuzitambua molekuli kwa uzito wake ni sahihi zaidi, lakini ni ghali na haipatikani kila mahali. Jambo la tatu ni siku ya kupimwa. Siku chache baada ya sindano testosteroni huwa juu, na estradioli huifuata. Karibu na sindano inayofuata zote mbili huwa zimeshuka.

Wakati wa kuchukua hatua

Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani hauiweki estradioli miongoni mwa vipimo vya kila mara. Madaktari wa njia ya mkojo wa nchi hiyo, katika mwongozo wao wa mwaka huo huo, walishauri ipimwe kabla ya tiba kuanza ikiwa matiti ya mwanamume yanauma au yamekua. Dalili hiyo ikitokea wakati wa tiba, haifai kupuuzwa. Daktari atamchunguza mgonjwa, ataangalia dawa nyingine anazotumia na hali ya ini, na mara nyingi ataanza kwa kupunguza dozi au kubadili ratiba ya sindano.

Hatari iko kwa wale wanaojinunulia testosteroni bila cheti cha daktari, kisha wakaongeza vidonge vya kuizuia aromatasi, kama vile anastrozoli, ili tarakimu ishuke. Vidonge hivyo vilibuniwa kwa ajili ya saratani ya matiti ya wanawake. Mwanamume akiishusha mno estradioli yake, hujiletea maumivu ya viungo, mifupa dhaifu na kupotea kwa ile hamu aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo.

Wakati huo huo, yanayostahili kuangaliwa husahauliwa. Chembe nyekundu zikizidi asilimia 54 ya damu, tiba husimamishwa mpaka zishuke. Tezi dume nayo huhitaji kufuatiliwa. Tena testosteroni inayotoka nje ya mwili huzuia utengenezaji wa mbegu za kiume. Kwa hiyo anayetaka mtoto na amweleze daktari mapema, kabla ya sindano ya kwanza.

Marufuku iliyotolewa Brussels ilihusu kuwalisha watu, kupitia nyama, homoni wasiyoihitaji. Haikusema kwamba ile inayotengenezwa na mwili wenyewe ni sumu. Basi, mpenzi msikilizaji, ukipewa karatasi ya majibu, muulize daktari wako mambo matatu: imepimwa kwa njia gani, siku ya ngapi baada ya dawa, na je, nina dalili yoyote? Bila majibu hayo, tarakimu peke yake haitoshi kukufanya umeze kidonge.