Picha Haina Sentimita: Kupata Skeli Sahihi ya Pazia Juu ya Picha ya Chumba

Picha ya chumba iliyopigwa kwa simu huonyesha dirisha, kochi, vigae na taa, lakini haionyeshi sentimita hata moja. Ndani yake mna pikseli tu, yaani vidoa vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu. Dirisha la mita 1.5 lililopigwa kutoka mita 3 na dirisha la mita 3 lililopigwa kutoka mita 6 hutoka sawa kabisa kwenye picha, kwa sababu ukubwa wa taswira hutegemea ukubwa wa kitu ukigawanywa kwa umbali wake kutoka kwenye lenzi. Ndiyo maana pazia lililobandikwa kwenye picha kwa kukadiria kwa macho hupendeza kwenye kioo cha simu, kisha likishonwa likabaki linaning'inia shubiri nzima juu ya sakafu.

Kinachokosekana ni skeli: kila pikseli ni sawa na sentimita ngapi za ukutani. Skeli haipatikani kwa kuikodolea picha macho. Ni lazima kitu kimoja kinachoonekana pichani kijulikane kipimo chake halisi.

Karatasi ya A4 ni mfano mzuri, kwa kuwa kipimo chake ni kimoja dunia nzima: sentimita 21 kwa 29.7. Tuseme karatasi hiyo imebandikwa wima kando ya dirisha, na pichani urefu wake umechukua pikseli 270. Sentimita 29.7 zikigawanywa kwa 270, kila pikseli inakuwa sentimita 0.11. Dirisha lenye upana wa pikseli 1,400 basi lina upana wa sentimita 154. Hesabu hiyohiyo hugeuzwa wakati wa kuchora. Bomba la pazia likitakiwa kuzidi fremu kwa sentimita 20 kila upande, urefu wake ni sentimita 194, nazo huchorwa kwa pikseli 1,764. Likitakiwa kukaa sentimita 15 juu ya fremu, hupandishwa pikseli 136.

Kadiri kitu cha kupimia kinavyokuwa kidogo, ndivyo kosa linavyokua. Kidole kikikosea kwa pikseli 3 kwenye ncha ya karatasi ile ya A4, kosa ni takriban asilimia 1, na dirisha la sentimita 154 litapotoka kwa chini ya sentimita 2. Kadi ya benki nayo ina kipimo cha kimataifa, milimita 85.6 kwa 54, ila kwenye picha ileile upande wake mrefu ungechukua pikseli 78 tu. Kosa lilelile la pikseli 3 sasa linakaribia asilimia 4, na dirisha linapotoka kwa sentimita 6. Kwa hiyo kipimo bora ni cha dirisha lenyewe: upana wa fremu upimwe kwa tepu, kisha uandikwe kwenye programu kama kipimo cha kuanzia.

Sharti la pili ni kwamba kitu cha kupimia kiwe kwenye bapa moja na kinachopimwa. Mtu akiishika karatasi mkononi nusu mita mbele ya dirisha, na kamera iko mita 3 kutoka dirishani, karatasi itaonekana kubwa kwa asilimia 20 kuliko ingekuwa imebandikwa ukutani. Dirisha la sentimita 154 litasomeka kama sentimita 128. Kigae cha sakafuni, mto wa kochi na meza iliyo katikati ya chumba vina kasoro hiyohiyo, hata vipimo vyake vikijulikana vizuri.

Kasoro hii huonekana zaidi kwenye kuta nene. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ukuta unaweza kufikia unene wa nusu mita, na dirisha likawa limezama ndani yake. Bomba la pazia, hata hivyo, hufungwa kwenye uso wa ukuta. Skeli ikichukuliwa kwenye fremu iliyozama, huku kamera iko mita 3 kutoka kwenye uso wa ukuta, pazia la sentimita 200 litachorwa kana kwamba lina sentimita 171. Katika chumba cha namna hiyo karatasi hubandikwa pale pazia litakaponing'inia.

Pembe ya kupigia picha huleta tatizo la tatu. Simu ikiinamishwa kuelekea juu, mistari ya wima hukaribiana kadiri inavyopanda, na dirisha la mstatili huwa na juu pembamba na chini pana. Mpigaji akisimama kando, upande wa dirisha ulio karibu naye hurefuka na ule wa mbali hufupika. Katika picha kama hiyo hakuna skeli moja, kwa kuwa kila sehemu ya ukuta ina ya kwake. Programu za usanifu hutatua jambo hili kwa pembe nne za dirisha. Mtumiaji huzigusa moja moja, kisha huandika upana na kimo halisi. Hesabu ya kuunyoosha ukuta ina namba 8 zisizojulikana, na kila pembe hutoa milinganyo miwili, hivyo pembe nne zinatosha kabisa. Baada ya hapo ukuta wote hupata skeli moja.

Wazo la kupima majengo kupitia picha limeanza zamani. Mwaka 1858, Mjerumani Albrecht Meydenbauer alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar alipoponea chupuchupu kuanguka kutoka juu ya jengo. Tukio hilo lilimfanya afikirie kuiachia kamera kazi ya kupanda, na mwaka 1885 taasisi ya serikali ya kupima majengo kwa picha ilianzishwa Prussia chini ya uongozi wake. Hesabu zilizohitaji chumba kizima cha mafundi sasa hufanywa na simu kwa sekunde.

Hata hivyo, lenzi yenyewe inaweza kudanganya. Lenzi ya kuona pana, ile inayoandikwa 0.5 kwenye simu nyingi, huvuta na kurefusha vitu vya pembezoni, na wakati mwingine hupinda mistari iliyonyooka. Ni salama zaidi kutumia lenzi ya kawaida, kurudi nyuma, kuishika simu wima kwenye usawa wa katikati ya dirisha, na kuliweka dirisha katikati ya picha. Baadhi ya simu, kuanzia iPhone 12 Pro ya mwaka 2020, zina laida, kifaa kinachopima umbali kwa mwanga hadi kama mita 5. Hicho husaidia, ila mwanga wake hupenya kioo cha dirisha, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kwenye fremu au ukutani.

Ua la kitambaa nalo lina skeli yake. Tuseme ua hujirudia kila sentimita 64. Kwenda chini, kwa skeli ya mfano wa kwanza, kila marudio huchukua pikseli 582, na pazia la sentimita 240 litaonyesha marudio yasiyofika manne. Kwenda upande, marinda hubadilisha hesabu. Kitambaa kikiwa na upana mara mbili ya bomba, sentimita 64 hukunjwa zikakaa ndani ya 32, sawa na pikseli 291, na nusu ya ua hujificha ndani ya mikunjo. Picha ya kitambaa kilichotandazwa ikibandikwa bila kubanwa hivyo, mteja ataona maua mapana ambayo hatayaona sebuleni.

Skeli ikiwa sahihi, picha hujibu maswali ya kuchagua: bomba likae wapi, pazia liguse sakafu au liishie kizingitini, ua kubwa au dogo. Haimwondolei fundi kazi ya kupima. Madirisha mengi hayajanyooka kikamilifu, ndiyo maana upana hupimwa juu, katikati na chini, na urefu kushoto, katikati na kulia. Baada ya hapo huongezwa upindo, na kitambaa hukatwa kwa vipimo vya tepu.