Kivu Kusini: njaa ya utotoni haiishi siku mtoto anapotoka hospitalini

Mtoto anafika hospitalini miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, hataki kucheza wala kula. Anapewa maziwa ya dawa, anatunzwa kwa majuma machache, uvimbe unashuka, anaanza tena kucheka. Mama anamfunga mgongoni na kurudi naye kijijini. Kwa waganga, mtoto amepona. Kwa familia pia, mambo yamekwisha. Je, kwa mwili wa mtoto mwenyewe yamekwisha?

Swali hilo ndilo lililowasukuma watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu (UCB), wale wa kituo cha utafiti cha CRSN-Lwiro na wenzao wa Chuo Kikuu Huria cha Bruxelles (ULB) kufungua fishi za zamani za hospitali ya watoto ya Lwiro, wilayani Kabare, kaskazini ya mji wa Bukavu. Walichukua majina ya watoto waliotibiwa pale kwa utapiamlo mkali kati ya mwaka 1988 na 2007, kisha wakaanza kuwatafuta vijijini, miaka 11 hadi 30 baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Bwaki, ugonjwa wenye historia ndefu

Lwiro si jina geni kwa watu wa sayansi. Mwaka 1947, Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na Lwiro ikawa kituo chake kikubwa. Kati ya mambo yaliyochunguzwa pale tangu zamani ni ugonjwa ambao wakaaji wa Kivu wanauita bwaki, na ambao waganga wanauita kwashiorkor.

Jina hilo la pili lilitoka pwani ya Ghana ya leo, katika lugha ya Kiga. Mganga Cicely Williams ndiye aliyelitia katika vitabu vya utabibu miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa Ghana walikuwa wameona jambo ambalo mama yeyote wa Kabare au Kalehe analijua: mtoto anaachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, anabaki na bugali na maji ya maharage tu, na baada ya miezi michache anaanza kuvimba. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa huu ulikuwa jambo la familia nzima.

Kuwatafuta waliopona

Kazi ya kuwapata watu hao haikuwa rahisi. Katika miaka ile Kivu ilipokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, ikaingia katika vita ya 1996, kisha ile ya 1998. Vijiji vilihama, watu walikimbilia msituni, wengine hawakurudi. Watafiti, katika zone za afya za Miti-Murhesa na Katana, walipitia nyumba kwa nyumba. Baadhi ya waliotafutwa walikuwa wamekwisha kufa, wengine walikuwa wamehama mbali, wengine hawakuonekana kabisa.

Waliopatikana na kukubali kupimwa walikuwa 524, wenye umri wa miaka 22 kwa wastani. Kando yao waliwekwa watu wengine 407 wa maeneo yaleyale, wa umri na jinsia inayofanana, ambao hawakuwahi kuugua utapiamlo mkali. Hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huu. Umaskini, vita na barabara mbovu ni mambo waliyoyapitia wote. Kama kundi moja liko tofauti na lingine, haitoshi tena kusema kwamba maisha ya Kivu ni magumu kwa kila mtu.

Tofauti ilionekana. Waliougua utotoni walikuwa na kiuno kinene zaidi ukilinganisha na kimo chao, na nyonga nyembamba zaidi. Maana yake ni kwamba mafuta yao yanajikusanya tumboni, mahali ambapo yana hatari kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu. Dalili zinazotangulia magonjwa hayo, zile ambazo waganga wanaziweka pamoja na kuziita sindromu ya metaboliki, zilikuwa nyingi zaidi kwao kuliko kwa majirani zao.

Ni lazima pia kusema kile ambacho hakikuonekana. Shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari wenyewe havikuwa vingi zaidi kwao. Lakini hawa bado ni vijana. Magonjwa hayo kwa kawaida yanabisha hodi baada ya miaka 40, na mtu mwenye miaka 22 hajafika kwenye mlango huo.

Kwa upande wa masomo na maisha, pengo lilikuwa wazi. Waliopona bwaki walipata alama ndogo zaidi katika jaribio la akili na kumbukumbu, wachache zaidi kati yao walifika kwenye masomo ya juu, na wachache zaidi walikuwa na hali nzuri ya maisha. Njaa ya miezi michache utotoni ilikuwa bado inaonekana kwa mtu mzima, miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kuisahau.

Mwili unaojifunza kubana

Kwa nini iwe hivyo? Miaka ya 1980, mganga Mwingereza David Barker aliona kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo walipokuwa watu wazima. Nchini Uholanzi, watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, chini ya utawala wa Wajerumani, walipimwa wakiwa na umri wa karibu miaka 50. Miili yao ilishindwa kuitumia sukari vizuri kuliko ya watu wengine.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba mwili mchanga unaokosa chakula unajifunza kubana matumizi. Unalinda kwanza ubongo na moyo, viungo vingine vinapewa kidogo, na kila kinachoingia kinawekwa akiba. Mafunzo hayo yanamsaidia mtoto kuishi. Baadaye, akipata chakula cha mjini, sukari na mafuta ya kupikia kila siku, mafunzo yaleyale yanageuka kuwa mzigo.

Mama, binti na mjukuu

Swali kubwa kwa Kivu leo ni la kizazi kinachofuata. Wasichana waliolazwa Lwiro miaka ya 1990 ndio akina mama wa sasa. Na mwili wa mwanamke unaunganisha vizazi kwa namna ya pekee: mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mayai yake ya uzazi yanakuwa tayari yameumbwa. Mwanamke mwenye mimba ya msichana amebeba pia, ndani ya mimba hiyo, chanzo cha mjukuu wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya takwimu za nchi 54 zenye kipato kidogo na cha kati, ulionyesha kwamba kadiri mama anavyokuwa mfupi, ndivyo hatari inavyopanda kwa mtoto wake kudumaa au kufa mapema. Na ufupi wa mama, mara nyingi, ni kumbukumbu ya chakula alichokosa yeye mwenyewe akiwa mtoto.

Lakini si njaa tu inayopita kutoka kizazi hadi kizazi. Nchini Guatemala, kati ya 1969 na 1977, watafiti waligawa uji wenye maziwa na protini, unaoitwa atole, katika vijiji viwili, na kinywaji cha sukari kisicho na protini katika vijiji vingine viwili. Miaka mingi baadaye, wanaume waliokunywa uji huo kabla ya kufikisha miaka 3 walikuwa wanalipwa vizuri zaidi kwa kila saa ya kazi. Wasichana walioupata walizaa watoto wenye uzito mkubwa zaidi. Kikombe cha uji kilichotolewa kwa msichana kilimfikia mtoto ambaye hakuwa bado amezaliwa.

Bibi asisahauliwe

Katika nyumba nyingi za Kivu, mama akienda shambani au sokoni, mtoto anabaki na bibi. Bibi ndiye anayejua nini mwenye mimba asile, lini mtoto aonjeshwe bugali, na dawa gani ya majani ijaribiwe kwanza. Hata hivyo, mafundisho ya lishe mara nyingi yanatolewa kwa mama kijana peke yake. Akirudi nyumbani, neno lake ni dogo mbele ya mama mkwe.

Nchini Senegal, mradi mmoja ulijaribu njia nyingine. Mabibi walialikwa kuzungumza, ujuzi wao ukapewa heshima, kisha mashauri mapya yakaletwa mbele yao kwa mazungumzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mabibi walibadili mashauri yao, na wanawake wenye mimba katika vijiji vile wakapunguziwa kazi na kula vizuri zaidi. Wazee hawakuwa kizuizi. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kwa Kongo, jambo hili ni la haraka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Tangu Februari 2025, vita viliposhuka hadi Kavumu na Bukavu, barabara ileile inayopita karibu na Lwiro imejaa tena familia zilizopoteza mashamba na mifugo.

Yanayoweza kufanyika nyumbani yanajulikana: ziwa la mama peke yake kwa miezi 6, kisha uji wa masoso, maharage yaliyopondwa, lenga-lenga na sambaza za ziwani, na kupanga uzazi ili mdogo asimwondoe mkubwa ziwani mapema. Mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ukipimwa kwa utepe na kuonyesha chini ya sentimita 11.5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lakini fishi za Lwiro zinaongeza jambo moja. Mtoto aliyepona anahitaji kufuatiliwa shuleni na katika ujana wake. Na msichana aliyepona, siku atakapofika kwenye kituo cha afya akiwa na mimba, anastahili kuulizwa swali ambalo haliko kwenye fishi nyingi: mama, wewe ulipokuwa mtoto, ulipata bwaki?